Viatu Vyangu kwenye Lango la Sultani

Ninyi mliohamia Jadotville na Kolwezi, barua zenu nimezipata. Mnauliza: Donati, ni kweli ulivuka bahari? Ni kweli ulifika kwa mfalme ukagoma kuingia? Na kwaya yetu, imevunjika au bado? Nimechoka kumjibu kila mmoja peke yake, kwa hiyo leo nimekaa kwenye barza yangu hapa Katuba, mtaani kwetu Élisabethville, naandika mara moja kwa wote. Habari za vibali, mihuri na picha za pasipoti nitaziruka, maana hata kuzikumbuka kunaniumiza kichwa.

Élisabethville: jibu nililoliahirisha

Barza yangu mnaijua. Niliijenga pana kuliko nyumba yenyewe, mkanicheka kwamba Donati amejenga kanisa. Hapo ndipo kwaya imefanya mazoezi kila Alhamisi miaka yote. Mzee aliyetuongoza alipostaafu na kurudi kijijini, Padri Viktori alimpa Mukendi nafasi ile. Wale mlioondoka mapema mjue kwamba Mukendi ni karani, mtu wa Kasai, mnene, sauti yake ya besi inatikisa vikombe, na ndiye baba wa ubatizo wa mwanangu wa kwanza. Padri alimchagua kwa sababu anasoma noti za muziki. Lakini aliyekuwa akiingoja nafasi hiyo ni Mwansa, fundi wa reli, mtu wa kwetu Pweto, hapahapa Katanga, mwenye ile sauti ya juu inayowafanya akina mama wafunge macho kanisani.

Wiki moja kabla sijaondoka, Mwansa alikuja na wenzake watatu. Hakukaa.

"Tata Donati," alisema, "bantu ba Kasai beko na kazi ya bureau, beko na maduka, sasa banakamata na kwaya. Hii parcelle, kiwanja na barza, iko yako. Ubambie batafute kwabo."

"Na kama sibambie?"

"Alors, siye njo tutaenda. Na weye utakuwa umechagua."

Nitasema kweli, hata kama itaniaibisha. Nusu ya moyo wangu ilikuwa upande wake. Pale hospitali ninapofanya kazi ya infirmier, yaani muuguzi, mwaka uliotangulia, mtu wa Kasai niliyemfundisha mimi mwenyewe kushika sindano alipandishwa cheo juu yangu. Nililimeza hilo, lakini halikushuka. Upande mwingine alikuwa Mukendi, aliyembeba mwanangu kwenye maji ya ubatizo, na ambaye nikimfukuza kwangu sitakuwa na uso wa kumtazama tena. Nikamwambia Mwansa, "Nitajibu nikirudi." Nilifurahi kwamba kuna safari.

Safari yenyewe ilikuwa ya Padri Viktori. Macho yake yalikuwa yanazimika, na kabla hayajazimika kabisa alitaka kumwona mdogo wake, Padri Leo, aliyefanya umisionari huko kisiwa cha Java miaka thelathini. Daktari alimkataza asiende bila mtu wa kumtia dawa machoni mara nne kwa siku. Mtu huyo nilikuwa mimi. Mama Filomena, mke wangu, alinifungia kopo la samaki wakavu wa Pweto akasema, "Kule utakaribia kufa na njaa. Bazungu banakula majani."

Reli ya kusini: dirisha la nyuma

Hadi Sakania tulikaa vizuri. Tulipovuka kuingia Rhodesia, Padri aliwekwa behewa la Wazungu, mimi nikapelekwa la weusi, mbali kule nyuma ya injini. Basi kila kituo nilikuwa nashuka mbio na chupa ya dawa, Padri anatoa kichwa dirishani, namdondoshea matone machoni mbele ya watu wote, kisha nakimbia kurudi. Kituo kimoja treni iliondoka nikiwa bado nimeshika kope lake. Abiria walipiga makofi niliporuka ndani.

Katika mji mmoja, jina lake silitaji, Padri aliomba chai. Niliingia kwenye chumba cha chai nimevaa suti, tai, na viatu vyangu vyeusi. Mama wa Kizungu aliyesimama kwenye meza aliniangalia kuanzia chini kwenda juu, akaonyesha kwa kidole kwamba dirisha langu liko nyuma. Nikatoa mfukoni ile kadi yangu ya mtu mstaarabu, mnaijua, ile tuliyopewa na Wabelgiji, tunayoionyesha kwetu tukiulizwa. Hakuitazama. Nikaenda dirisha la nyuma, nikangoja, nikapata chai, nikakimbia nayo, nusu ikanimwagikia viatuni.

Hapo lazima niseme neno juu ya viatu hivi, la sivyo hamtaelewa ya mbele. Baba yangu alitandika reli ya Katanga miguu mitupu. Mimi nilipokuwa nikisomea uuguzi, nilitumwa siku moja kupeleka barua nyumbani kwa mkubwa mmoja wa Kizungu wa mji wetu. Mkewe aliniambia nivue viatu mlangoni nisichafue sakafu. Nikavua. Nikiwa nimesimama hapo wakaingia wageni wake watatu kutoka mvuani, na viatu vyao vya matope, akawakaribisha kwa busu. Siku ile niliapa kwamba sitavua tena viatu mlangoni pa mtu yeyote, awe nani. Nikiwa nafuta chai kwenye ngozi ile, ndani ya behewa la nyuma ya injini, niliapa mara ya pili.

Beira: siku tisa za mvua

Meli ilichelewa siku tisa na mvua haikukatika hata moja. Tulikaa kwa mapadri wa Kireno waliotulisha wali na samaki mwenye chumvi mpaka midomo ikapasuka. Padri Viktori alikuwa akiniomba nimsomee barua za zamani za mdogo wake. Katika moja, Padri Leo aliandika kwamba mfalme wa mji wao, Sultani, ameufungua ukumbi wa jumba lake, na chini ya paa hilo sasa wanakaa wanafunzi wa chuo kikuu waliotoka visiwa vyote.

Nilicheka kwa sauti. Nikamwambia Padri kwamba wafalme ninaowajua mimi wanakusanya kodi na kutoa watu wa kulima barabara.

"Wafalme uliowaona wewe wamewekwa na sisi Wabelgiji," alisema Padri. Mimi nikaendelea kusoma.

Baharini: kopo la Mama Filomena

Bahari sitaisifu. Siku nne za kwanza nilijua ndoo tu. Kwenye kisiwa cha Morisi tulisimama siku mbili, nikashangaa kukuta watu wanasema Kifaransa cha kwao, chepesi, na mwanamke mmoja sokoni alitaka kujua Congo iko karibu na Marseille au iko mbali.

Tulipong'oa nanga hapo nilikuwa nimepona, na njaa ikarudi yote kwa pamoja. Nikafungua kopo la samaki. Harufu, mnaijua. Mzungu mmoja wa chumba cha jirani alikwenda kumwita bwana wa meli akidai kuna kitu kimefia ukutani. Wakaja, wakanusa, wakanipandisha juu na kopo langu, huku nikiogopa kwamba chakula cha mke wangu kitatupwa majini. Kumbe mpishi wa mabaharia, mtu wa Java, alikuwa amenusa naye. Alikuja mbio, akachukua samaki mmoja, akamgeuza, akamtazama machoni, akacheka. Akanivuta mpaka jikoni kwake, akamkaanga na pilipili, akamweka juu ya wali. Tulikula watu sita kwenye sahani moja. Hatukuwa na neno moja la pamoja isipokuwa "pilipili", ambalo nililisema mimi nikilia machozi.

Tangu siku hiyo sikula tena peke yangu. Samaki wa Pweto waliisha kabla ya Singapore.

Jogja: ndugu wawili na fenesi

Kutoka bandari ya Jakarta tulikwenda kwa treni mchana kutwa, mashamba ya mpunga pande zote, mpaka mji uitwao Yogyakarta. Wenyewe wanasema Jogja. Padri Leo alikuwa kituoni, mwembamba, amevaa kofia ya majani. Padri Viktori hakumwona. Alisikia sauti yake, akaacha mkono wangu, akainua mikono yote miwili akaushika uso wa mdogo wake, akaupapasa polepole, masikio, pua, ndevu. Watu wanashuka, wanatupita na mizigo. Mimi nilitazama pembeni, maana nililia.

Chakula cha kwanza walichotupa ni fenesi bichi lililopikwa mpaka likawa jekundu kama nyama. Nilidhani ni nyama. Nikaweka tonge kubwa kinywani, likawa tamu kama jamu. Mwenyeji alikuwa ananiangalia kwa hamu, nikameza na kusema ni nzuri sana, basi nikaongezewa. Siku tatu mfululizo nilipewa fenesi kwa sababu ya adabu yangu.

Padri Leo anasema Kifaransa chetu, Kiflemi, na lugha ya watu wa pale, na ndiye aliyekuwa mdomo wangu na sikio langu. Siku ya nne alitupeleka kwenye jumba la Sultani. Kwanza tulifika kwenye ukumbi wa mbele, mkubwa, hauna kuta, nguzo tupu na paa. Zamani hapo waliketi wakubwa wa nchi kumngoja mfalme. Siku hiyo palikuwa na ubao mweusi, mwalimu mwenye chaki, na vijana wengi wenye daftari magotini. Padri Leo akanionyesha: yule ametoka Sumatra, yule Bali, yule wa Celebes, Mkristo kama wewe. Mwalimu alifundisha kwa Kimalei, lugha ya bandarini na sokoni.

"Hapa wengi ni watu wa Java," alinieleza Padri Leo. "Wana lugha yao nzuri ya zamani, yenye heshima kubwa. Wangeweza kuwashindilia wengine. Wakakubali hii ya sokoni, kwa sababu hakuna anayekuwa mgeni ndani yake."

Nikafikiri juu ya Kiswahili chetu, na jinsi Mukendi anavyokisema na Mwansa anavyokisema, wakitukanana na wakielewana kila neno.

Langoni

Siku ileile walikuwa na mazoezi ya ngoma katika ua wa ndani. Kwenye lango la ua huo alitupokea mtumishi wa jumba, mzee anayeitwa Pak Wiryo. Pak ni Baba, kama sisi tunavyosema Tata. Alikuwa na kitambaa kichwani, koti la mistari ya buluu iliyokolea hata kukaribia weusi, nguo iliyozungushwa kiunoni mpaka chini, na miguu mitupu. Aliinama, akasema maneno taratibu. Padri Leo akatafsiri: tuvue viatu.

Mapadri wakavua. Mimi nikasimama.

"Donati?" akasema Padri Viktori.

"Mimi nitangoja hapa, mon père."

"Ni desturi tu, mwanangu."

"Najua desturi," nikasema. "Desturi hiyo nilifundishwa Élisabethville."

Alielewa. Hakunisukuma. Wakaingia wawili, kaka ameshika bega la mdogo wake, na mimi nikabaki juani, tai imenikaba, najiona mwanamume kweli. Robo ya saa ya kwanza ilikuwa tamu. Baadaye nikaanza kusikia ngoma yao kutoka ndani, vyombo vya shaba vinaitana, vikubwa na vidogo, na mimi, mtu wa kwaya, mtoto wa nchi ya shaba, nimevuka bahari nzima kuja kutazama ukuta.

Pak Wiryo akatoka. Nilijua amekuja kunifukuza. Alinitazama, akatazama viatu, kisha akakaa chini kwenye kivuli cha ukuta, hatua moja kutoka kwangu. Akafungua jani la mgomba. Ndani kulikuwa na karanga za kuchemsha. Akaweka jani kati yetu.

Nilisimama kidogo, halafu nikaketi. Karanga ni karanga. Tukamenya, tukala. Hakuonyesha mlango kwa jicho wala kwa kidevu. Alikaa tu nami kama mtu asiye na kazi nyingine duniani.

Gari likafika. Akashuka mtu wa makamo, amevaa vizuri kuliko mimi. Akakaa kwenye ngazi, akavua viatu, akaviweka pembeni mwenyewe, akaingia. Watumishi wawili waliokuwa karibu walichuchumaa alipopita. Muda huohuo Padri Leo akatoka kunitafuta, akaniambia huyo ni mtu wa ukoo wa Sultani.

"Lakini wanamchuchumalia," nikasema.

"Sikukuambia kwamba hapa ni mbinguni," akajibu Padri Leo, naye akakaa chini pamoja nasi, mguu mtupu kwenye vumbi.

Basi nikamwomba amuulize mzee swali langu: kuvua viatu kila siku mbele ya wakubwa, hakumuumi?

Pak Wiryo alifikiri. "Kama ningekuwa navua mimi peke yangu," alisema, "kungeniuma."

Kisha akashika koti lake. Akanionyesha kwamba halifunguki mbele mpaka chini kama makoti yetu. Limepasuliwa kidogo tu kifuani, na kulivaa lazima upitishe kichwa. Watumishi wote wa jumba wanalivaa hilo hilo, mfagizi na mzaliwa wa ukoo mkubwa, wakiwa kazini huwezi kuwatofautisha. "Hili ndilo tumbo la mama," alisema. "Sote tumetokea humo, kichwa kwanza. Ukishalivaa wewe ni ndugu yangu wa tumbo moja, nikipenda nisipende."

"Ni maneno mazuri," nikasema, nikiwa sijashawishika.

Padri Leo alipotafsiri, mzee akacheka. Akasema na yeye aliyaona maneno mazuri tu, mpaka vita ya Waholanzi.

Akatusimulia. Wakubwa wa serikali mpya, waliotangaza kwamba visiwa vyote ni nchi moja, walipobanwa huko kwenye mji mkuu, Sultani aliwaita waje kwake. Nyumba za Jogja zikawa ofisi zao. Angeweza kukaa kimya akalinda kiti chake, maana Waholanzi walikuwa tayari kumwachia. Halafu Waholanzi wakauteka mji, wakawachukua wale wakubwa. Sultani akajifungia ndani ya kuta hizi, akakataa kufanya kazi nao. Na ndani ya kuta, watumishi walikuwa wakiwaficha wapiganaji.

"Mimi nilipewa mmoja," alisema Pak Wiryo. "Mtu wa Sumatra. Nilisema simtaki. Watu wake nilikuwa nimewasikia tangu utoto: wakali, wachoyo, wanakuja kwetu kuchukua biashara. Nikaambiwa, mpe koti. Nikampa. Alikwama kichwa, ikabidi nimvute."

Askari wakaja kuuliza. Afisa akamwona yule mtu anafagia, mrefu, uso wa kigeni, akamuuliza kwa lugha ya Java jina lake nani. Hakuijua hata kidogo lugha hiyo.

"Afisa akanigeukia mimi. Huyu ni nani? Moyo wangu ulikuwa na majibu mawili, na moja lingeniokoa mimi. Nikasema, ni ndugu yangu, tumbo moja, bubu tangu kuzaliwa." Mzee alimenya karanga. "Maneno yakatoka kabla sijayapima. Baadaye ndipo nilipoanza kuogopa."

Ngoma ilikuwa imekatika ndani, ikaanza upya. Kichwani nilimwona Mukendi, na kitambi chake, mbele ya afisa. Nikajiuliza ningesema nini, na jibu nililolipata halikunipendeza.

Nikafungua kamba za viatu. Hakuna aliyeniambia. Soksi yangu ya kushoto ilikuwa na tundu, kidole gumba nje kabisa, na mtu wa kadi ya ustaarabu akaingia kwa Sultani na kidole chake kikichungulia.

Sultani mwenyewe sikumwona, aliishi zaidi mji mkuu siku hizo. Niliona wapigaji wameketi sakafuni, koti lile lile wote, na wacheza ngoma wakienda polepole hata nikadhani wamechoka. Nilitafuta kiongozi wao kama ilivyo mazoea yangu. Sikumwona mtu akipunga mkono. Padri Leo akaninong'oneza kwamba ni yule mpiga ngoma wa katikati, aliyekaa chini sawa na wengine, na kwamba wote wanamsikiliza bila kumtazama. Nikafunga macho na mimi nikamsikia.

Kurudi peke yangu

Padri Viktori hakurudi. Tulikaa kwa mdogo wake wiki sita, na siku ya kuondoka akaniambia macho yake yamefika mwisho wa kazi, na mkono wa ndugu unatosha. Nilimfundisha Padri Leo kudondosha dawa. Nilipouliza nani sasa atasema neno juu ya kwaya, alijibu, "Kwaya ni yenu, Donati. Barza ni yako." Nilikasirika, maana nilitegemea barua yake ikabebe mzigo wangu.

Pak Wiryo alikuja kituoni na kifurushi. Koti kuukuu, kwapa zimeshonwa mara mbili. Lilivaliwa na yule mtu wa Sumatra, ambaye hadi leo humwandikia akimwita kaka.

Rhodesia ilikuwa palepale. Chai nilinunua kwa dirisha la nyuma, na viatu vyangu miguuni. Niliinywa nikiwa nimesimama, na hasira yangu ilikuwa ileile ya kwenda. Ila sasa niliijua vizuri zaidi: pale nilikuwa navuliwa mimi peke yangu.

Katuba, siku ya Alhamisi

Nilifika nikakuta barza tupu. Tangu niondoke, Mwansa na wenzake hawakukanyaga tena, na Mukendi, akisikia habari, naye aliacha kuja, kwa heshima yangu alisema. Mama Filomena alikuwa anaanikia maharage mahali pa sauti ya tatu.

Nikatuma neno kwa wote, Kasai na Katanga, nyumba kwa nyumba. Alhamisi mazoezi kwa Donati kama kawaida, na Mukendi ataongoza akiwa ameketi mkekani kama wengine. Tena, kila mtu aache viatu mlangoni, mwenye nyumba wa kwanza.

Wakaja wengi kuliko nilivyotazamia. Mukendi alifika wa kwanza, akavua viatu akihema, akauliza, "Kule Java banakufundisha busenji?" nikamwambia ndiyo, ushenzi huohuo. Nikaeleza juu ya koti, nikamkabidhi. Kati ya wale watatu waliokuja na Mwansa siku ile, mmoja alikuja, wawili mpaka leo hawajaja. Lango sijalifunga.

Mwansa mwenyewe nilimwona barabarani. Amesimama nje ya parcelle, viatu vinang'aa, mikono kifuani. Nikatoka kumkaribisha.

"Nasikia unaomba bantu batoshe bilatu," alisema. "Miye hapana boy ya muntu, Donati. Ile Mukasai atafurahi kuniona miguu bule."

Nilitaka kumjibu. Hotuba nilikuwa nayo, niliitunga melini siku nyingi. Lakini nilimtazama alivyosimama, kidevu juu, tai imembana, na nikamjua. Nilikuwa nimesimama hivyo hivyo. Nikaingia ndani, nikachukua sahani ya karanga kwa Mama Filomena, nikarudi nikakaa chini kando ya lango, miguu yangu mitupu kwenye vumbi la Katuba, nikaweka sahani pembeni yangu.

Alisimama. Akakaa. Tukamenya. Baiskeli zilipita, watu wakatusalimu, tukaitikia.

Ndani kukatokea kicheko kikubwa, kisha kingine.

"Banacheka nini?" aliuliza Mwansa, hanitazami.

"Mukendi. Kichwa yake iko mu koti, haitoke."

"Koti ya nani?"

"Ya mufalme wa Java."

Akaendelea kumenya. Nikaona bega lake linatikisika, anajizuia. Halafu sauti ya besi ikatoka barzani, imezibwa na kitambaa, inatikisa vikombe.

"Mwansa! Mwansa eko kule inje? Kuya unitoshe, ndugu yangu! Bano bantu bananivunja shingo!"

Mwansa akatazama barabara, upande huu na upande ule. Kisha akaweka maganda ya karanga kwenye sahani, akainama, akaanza kufungua kamba. Soksi yake, nawaambieni, ilikuwa na tundu kubwa kuliko langu.